Kuangalia ndege Dodoma: bwawani Hombolo au nyikani kwenye mibuyu?

Wakuu kama unaanza kuangalia ndege na huna darubini nenda Hombolo, lile bwawa la mwaka 1957, maana yangeyange ni weupe na wakubwa unawaona hata kwa macho tu, na mnandi, yule ndege wa majini anayevua samaki, akishatoka kuzamia anakaa juu ya kisiki katanua mabawa yakauke, hapo hata simu inampiga picha. Shida ni jua, pale pembeni ya maji kivuli ni cha kutafuta.

Ila mi moyo wangu uko nyikani aisee. Huko unatembea, majani yanakukwaruza miguu, hamna njia ya maana, unaweza ukatembea mpaka ukakata tamaa, halafu ghafla kelele kwenye mbuyu, ukiinua kichwa ni wale kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano na duara jeupe kuzunguka jicho, yaani wana asili ya Tanzania hii hii na wanazalia kwenye matundu ya miti!! Na hondohondo je, yule ndege wa mdomo mkubwa, jike anajifungia ndani ya tundu anaziba mlango anabakiza upenyo mwembamba tu, dume ndo analeta chakula anampitishia kwa mdomo. Ukilikuta tundu la hivyo kaa mbali, usigonge mti.

Watoto wapeleke Hombolo, nyikani watachoka mapema. Ila wewe mwenyewe amka saa kumi na moja, vaa viatu vya kufunika, uingie nyikani kabla joto halijapanda.