Tahadhari: fomu ya "ajira na mafunzo kwa vijana" inayozungushwa Busia si ya Serikali

Ninaandika tahadhari hii kwa vijana na wazazi wa Busia na Tororo, huku Uganda, na vijiji vya jirani, kwa sababu kuna watu wanaojitambulisha kuwa maofisa wa mpango wa Serikali wa ajira na mafunzo ya ufundi, wanaouza fomu, wanaopokea pesa kwa simu, na kisha kutoweka na nakala za vitambulisho vya taifa vya watu. Fomu hiyo si ya Serikali. Nimeishika kwa mikono yangu zaidi ya mara ishirini, kwa kuwa kazi yangu ni kutoa fotokopi na kuchapa barua katika kibanda kilicho kwenye njia ya kwenda Sofia, na ninakiri kwa aibu kwamba nakala nyingi zilitoka kwenye mashine yangu kabla sijaanza kuisoma.

Mwanzoni niliiona kuwa kazi ya kawaida. Kijana analeta karatasi mbili, anataka nakala tatu pamoja na fotokopi ya kitambulisho pande zote mbili, analipa, anakwenda zake. Mwenye mashine hasomi karatasi za watu. Hiyo ndiyo adabu ya kazi hii. Lakini katika wiki moja walikuja watu kumi na mmoja na karatasi ileile, na wa kumi na mbili alikuwa mtoto wa dada yangu, aliyemaliza S.4, yaani mwaka wa nne wa sekondari, na ambaye kwa muda mrefu amekuwa akitafuta mahali pa kujifunzia ususi. Aliniambia, "Mjomba, nitolee nakala tatu haraka, kesho ndiyo mwisho, na nafasi za wilaya yetu zimebaki nne." Hapo ndipo nilipovaa miwani.

Juu ya fomu kulikuwa na nembo ya taifa iliyofifia, kama kitu kilichonakiliwa kutoka nakala ya nakala, na chini yake jina la "Wizara ya Kazi na Ajira kwa Vijana". Wizara ya jina hilo haipo Uganda. Inayoshughulikia mambo ya kazi na vijana ni Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na sidhani kwamba wizara inaweza kukosea jina lake yenyewe kwenye karatasi yake. Ukurasa wa pili ulimtaka mwombaji aandike "lokesheni" na "lokesheni ndogo" yake. Sisi huku tuna kijiji, parishi, kaunti ndogo na wilaya. Lokesheni ni mgawanyo wa ng'ambo ya mpaka, Kenya. Sisemi kwamba wezi hawa ni Wakenya, maana anayenakili huchukua anachokipata, lakini ni dhahiri kwamba aliyeitengeneza fomu aliiokota mahali pengine na hakuwa na subira ya kuisahihisha.

Kilichonishangaza zaidi ni kile ambacho fomu haikukidai. Haikuomba barua wala muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Yeyote aliyewahi kuomba chochote cha Serikali hapa kwetu, iwe kitambulisho, iwe mkopo wa kikundi, anajua jinsi muhuri huo unavyotafutwa, hata mwenyekiti akiwa shambani au matangani. Hawa hawakuutaka, na sababu yake naielewa: mwenyekiti angeuliza maswali, na angewauliza wao, si kijana.

Ahadi zenyewe zilikuwa mafunzo ya miezi sita, sare, vifaa vya kazi, na mtaji wa shilingi milioni 3 kwa kila kijana atakayehitimu. Fomu iliuzwa kwa shilingi 35,000. Siku tatu baadaye mwombaji alipigiwa simu na kuambiwa kwamba amechaguliwa, atume shilingi 60,000 za uchunguzi wa afya, na baada ya hapo ilikuja shilingi 120,000 ya kitanda na godoro, ambayo eti "itarudishwa siku ya kufungua mafunzo". Pesa zote zilitumwa kwenye laini za watu binafsi, na jina lililotokea kwenye simu wakati wa kutuma halikuwa jina la ofisa aliyepiga. Alipoulizwa, alijibu kwamba hilo ni jina la mhasibu. Mpwa wangu alilipa fomu, na hata baada ya mimi kumwambia asubiri nikaulize, alituma zile 60,000 usiku, kwa kuwa mpigaji alimwambia kwamba nafasi yake itapewa msichana wa Tororo. Simlaumu sana. Mtu aliyekaa bila kazi mwaka mzima hana nguvu za kubishana na sauti inayomwambia amechaguliwa.

Ninaona ni muhimu kueleza kwa nini uongo huu uliaminika, kwa sababu haukutungwa kutoka hewani. Kila kipande chake kimekatwa kutoka kwenye mpango wa kweli, kisha vipande vikashonwa pamoja kama kanzu ya viraka. Anayeijua mipango yenyewe huona mshono upo wapi.

Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ambao wote tunauita PDM, ulizinduliwa na Rais tarehe 26 Februari 2022 huko Kibuku, ambako si mbali na hapa kwetu. Kila parishi imepangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inayokubaliwa hupata hadi shilingi milioni moja. Hiyo si zawadi bali ni mkopo wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, unaorudi ili mwenzako naye apate, na hupitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya parishi yenu baada ya kuwa mwanachama wa kikundi cha shughuli fulani, kama kuku, kahawa au nguruwe. Anayehusika ni chifu wa parishi pamoja na viongozi wa SACCO ambao mmewachagua wenyewe na mnawajua nyumbani kwao. Kama kuna mchango wa uanachama, hulipwa kwenye SACCO na unapewa stakabadhi. Hakuna milioni 3, wala hakuna mtu wa PDM anayekupigia simu kutoka Kampala akijua jina la mama yako.

Mpango wa Riziki kwa Vijana, yaani YLP, ulianza katika mwaka wa fedha wa 2013/14 chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii niliyoitaja, kwa vijana wa miaka 18 hadi 30. Huo ulikuwa wa vikundi vya watu kumi hadi kumi na watano, vinavyoandika mradi pamoja kwa msaada wa ofisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, na fedha zake zilipaswa kurejeshwa. Kwa hiyo anayekuambia "umechaguliwa wewe peke yako chini ya YLP" anataja jina la mpango huo bila kujua ulivyofanya kazi, au anajua vizuri na anatumaini kwamba wewe hujui.

Ama mafunzo ya miezi sita, hapo ndipo walipochukua kipande kizuri kuliko vyote. Ni kweli kwamba Ikulu ina mpango wa kuwafundisha vijana ufundi, ulioanza na wasichana wa Kampala mwaka 2017, na baadaye vikajengwa vituo vya kanda ambako vijana hujifunza ushonaji, uchomeleaji, useremala, ususi, uokaji na utengenezaji wa viatu. Lakini mafunzo katika vituo hivyo ni bure, na malazi na chakula pia ni bure. Fikiri tena juu ya zile 120,000 za kitanda na godoro: wanakuuzia kitanda katika nyumba ambayo mwenyewe amesema ulale bila malipo.

Wale walioahidiwa kazi ya Serikali moja kwa moja, nao wapo watatu niliowasikia, wajue kwamba nafasi za wilayani hutangazwa na kushughulikiwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, kwamba kuna fomu maalumu ya utumishi wa umma inayojazwa, na kwamba hakuna ada ya kuajiriwa. Tovuti za Serikali yetu huishia na .go.ug. Kiungo walichotumiwa vijana hawa kiliishia na kitu kingine kabisa.

Lipo jambo ambalo si rahisi kulisema lakini lazima lisemwe. Watu wetu wamezoea kuombwa chochote mezani hata pale ambapo huduma ni bure, na maofisa wa kweli wamewahi kukamatwa katika wilaya mbalimbali kwa kudai mgao wa pesa za PDM. Kwa hiyo mlaghai anapodai 35,000, mwombaji hastuki. Huona ni mambo ya kawaida, na tena hudhani bei ni nafuu. Mwizi huyu amejificha nyuma ya mwizi mwingine, na ndiyo maana mzee mmoja aliniambia kibandani, bila kutania, kwamba aliiamini fomu kwa sababu waliomba pesa.

Pesa zilizopotea zinauma, lakini mimi ninaogopa zaidi zile fotokopi. Fomu ilitaka NIN yote, yaani namba ya utambulisho wa taifa yenye herufi na tarakimu kumi na nne, ikataka namba ya kadi yenyewe, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, picha ya pande zote mbili, na mwishoni, kwa maandishi madogo, namba ya siri ya mobail mani "ili mtaji uingizwe moja kwa moja". Mwenye vitu hivyo anaweza kujaribu kusajili laini kwa jina lako na kuitumia kuwalaghai wengine, na polisi watakapoifuatilia laini hiyo, mlango watakaougonga ni wako. Hakuna mtu wa Serikali, wa benki wala wa kampuni ya simu anayehitaji namba yako ya siri ili akutumie pesa. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Kutoa ndiko kunakohitaji.

Aliyekwisha kutuma pesa apige 100 mara moja, iwe laini yake ni ya MTN au Airtel, aombe muamala uzuiwe, kwa kuwa pesa ambayo haijatolewa kwa wakala huenda ikawahiwa. Abadilishe namba ya siri saa hiyohiyo. Kisha aende polisi akaandikishe malalamiko na asiondoke bila nambari ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, hata akiambiwa kwamba kiasi ni kidogo. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai, iwe 35,000 au milioni 35. Aliyetoa fotokopi ya kitambulisho aende pia kwenye kituo cha huduma cha kampuni ya simu, aombe kuangaliziwa laini zote zilizosajiliwa kwa NIN yake, na asiyoitambua ifungwe. Tafadhali msifute ujumbe wala rekodi za simu kwa hasira, kama alivyofanya mpwa wangu; ilitubidi kuomba taarifa ya miamala yake upya ili tupate tarehe na saa.

Mimi nimepeleka polisi nakala moja ya fomu pamoja na namba tatu za simu zilizotumika, na malalamiko yameandikishwa. Wenye vibanda vya fotokopi na mawakala wa mobail mani ninawaomba wamuulize mteja swali moja tu wanapoiona karatasi hiyo: muhuri wa LC uko wapi? Jumatatu iliyopita wasichana wawili kutoka upande wa Masafu waliniletea fomu ileile. Safari hii jina la wizara limesahihishwa, "lokesheni" imeondolewa, na bei imepanda hadi 45,000.