Leza kwenye ndevu zangu: mara sita, na bado naendelea

Zilianza ndevu tatu kidevuni. Nikazing'oa kwa kibano, zikaja kumi. Kufikia mwaka jana nilikuwa sitoki kwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, kuuza dagaa kabla sijakaa na kioo mlangoni, na shingo imejaa vipele.

Mara ya kwanza nilijipeleka saluni moja hapa mjini, sitaitaja. Hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu ngozi yangu. Nilibabuka, nikakaa na madoa miezi. Daktari wa ngozi ndiye aliyenifungua macho: mwanga wa leza unafuata weusi wa unywele, ukiupata unageuka joto na kuunguza shina. Sasa ngozi nayo ikiwa nyeusi, mashine isiyoifaa inaunguza vyote viwili. Sisi weusi tunataka aina ya leza iitwayo Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, mwanga wake unazama chini bila kufyonzwa sana na rangi ya juu. Ulizeni hilo kabla hamjauliza bei.

Yeye alijaribu kwanza kipande kidogo chini ya sikio, akanirudisha nyumbani. Kibano marufuku, maana ukishang'oa, leza haina cha kuunguza. Wembe ruksa. Siku yenyewe unavaa miwani, unapakwa jeli ya baridi, halafu pa! pa!, kama mtu anakuchapa na mpira wa kufungia noti. Juu ya mdomo nilitoa machozi. Na ile harufu sasa, kama kuku anababuliwa.

Wiki ya pili nikaona vinywele vinachomoza, nikajua nimeliwa hela. Kumbe vilikuwa vinatoka: nilijifuta na taulo vikabaki kwenye taulo.

Narudi kila baada ya wiki sita hivi, kwa sababu leza inaua zile zinazokua wakati huo tu, nyingine zimelala. Kilichonitesa ni jua, maana ngozi ikipigwa na jua haipigwi leza. Pale Mwaloni kivuli utakipata wapi? Nikanunua mafuta ya kuzuia jua na kofia pana, wenzangu wakanibatiza Mzungu wa Kirumba.

Leo vipele vimekwisha. Nywele zimebaki chache, laini. Mbili ni nyeupe, hizo leza haizioni kabisa, nazikata na mkasi. Daktari kanituma pia nipime homoni, kwani zikivurugika ndevu mpya zitaendelea kuota hata nikipigwa leza mara ishirini. Majibu nayafuata Alhamisi.