Adieu na adiós: ndugu wawili walioachana njiani

Adieu ya Kifaransa na adiós ya Kihispania, maneno ya kuagana, kwa asili ni ndugu wa toka nitoke. Mfaransa wa Zama za Kati alipoaga alisema "a Dieu vous comant", yaani nawakabidhi kwa Mungu. Mhispania naye alikuwa na "a Dios vos acomiendo", maana ile ile. Ulimi ukafanya uvivu, kitenzi kikaangushwa, akabaki Mungu peke yake.

Leo hawafanani. Adiós ni ya kila siku: unamwachia muuza mkate, unamwachia jirani, na huko Hispania watu wanaopishana barabarani bila kusimama huirusha kama salamu. Akiiona imekaa kirasmi, mtu husema "hasta luego", yaani tutaonana baadaye.

Adieu ya Paris ni nzito mno. Ni ya kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi, au ya wapenzi walioachana moja kwa moja. Mwambie mwenzako wa ofisini adieu jioni, atadhani umeacha kazi; pale husemwa "au revoir", yaani hadi tuonane tena. Addio ya Kiitaliano nayo ina uzito huo huo.

Ila ukishuka kusini mwa Ufaransa, Gascogne kwa mfano, au ukivuka kwenda Uswisi wanakoongea Kifaransa, adieu bado ni salamu ya watu wanaojuana, wakikutana na wakiagana. Kwa hiyo msiba haukuwa ndani ya neno tangu mwanzo.

Anayejifunza aitumie adiós bila woga. Adieu aiweke akiba, labda awe Lausanne, huko Uswisi, na marafiki.