Uzoefu wangu: Singer 221 na viraka vyangu, Nairobi hadi Mombasa

Mimi hushona viraka vya kwilti (blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, lenye pamba ndani) hata nikiwa safarini, kwa cherehani ndogo iitwayo Singer 221. Nianze na uzito, maana hapo ndipo cherehani nyingi hushindwa safari. Ile nyeusi ya mkono, ya chuma, ukiibeba kutoka Umoja hadi stesheni ya Syokimau mkono unakufa ganzi kabla hujapanda treni. Singer 221 ina kilo tano hivi, kwa sababu mwili wake ni wa alumini, na kipande cha meza upande wa kushoto kinakunjwa kwenda juu ili yote itoshee kwenye kisanduku chake chenye mpini. Ilianza kuuzwa mwaka 1933 na haitengenezwi tena, kwa hiyo utakayoipata ni mtumba tu.

Yangu ililetwa na binamu yangu kutoka Uingereza, na hilo lina umuhimu wake. Za huko zinakula umeme kama wetu, wa volti 240. Fundi alibadilisha plagi tu, basi. Za Marekani ni za volti 110. Ukiichomeka ukutani bila transfoma, mota kwaheri. Kabla hujatuma pesa kwa muuzaji yeyote, mwombe picha ya kile kibati kilicho kwenye mota, usome volti mwenyewe.

Syokimau mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wanapita wakinusa, kisha kila kitu kinapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Kisanduku changu hakijawahi kupita kimyakimya.

"Mama, hebu fungua hapa. Hii ni nini?"

"Cherehani."

"Hii? Inashona kweli?"

Basi wanaitana waione, na mmoja lazima aulize bei. Hakuna ubaya, ila fika mapema. Mkasi mkubwa na kile kisu cha gurudumu cha kukatia vitambaa naviacha nyumbani.

Na hapa ndipo penye siri ya safari nzima: kukata kuishie Nairobi. Mabaki ya vitenge nayachukua kwa fundi wa mtaani anayenishonea nguo, nayafua kwanza (vitenge vingine vyekundu huchuja, usiviamini), napiga pasi, nakata miraba yote mezani kwangu. Kisha kila kiraka, yaani vipande vitakavyoungwa pamoja, naweka kwenye mfuko wake wenye zipu, vipande vikiwa vimepangwa kwa mfuatano wa kushonwa, pini moja katikati. Nikifika kwa shangazi Mombasa sihitaji rula wala mkeka wa kukatia, nakaa, nashona. Nilipoona wengine wakibeba vitambaa vizima wakidhani watakata hukohuko, nilijua watarudi navyo vikiwa vizima.

Inashona mstari ulionyooka tu. Hakuna zigizagi. Kwa viraka huhitaji zaidi ya hapo, na mshono wake ni mzuri ajabu: mdogo, sawa, haukunji kitambaa. Nimebandika utepe wa karatasi kwenye bamba lililo chini ya sindano, robo inchi kutoka sindano, ili ukingo wa kitambaa ufuate. Chini ya cherehani natandika taulo, maana meza ya shangazi ni ya vioo na kelele humwamsha kila aliyelala mchana. Pasi nayo hutoka kwa shangazi. Mchana wenye joto la Mombasa naahirisha kupiga pasi, nalaza mishono kwa ukucha, napiga pasi usiku.

Usijaribu kuunga kwilti nzima safarini. Nafasi kati ya sindano na shingo ya mashine ni finyu, inchi tano na ushee, na kwilti ya kitanda yenye pamba ndani inajazana pale mpaka unakasirika. Beba viraka, uviungie nyumbani. Kwenye treni yenyewe cherehani inabaki kisandukuni; hapo nashona pindo la kwilti kwa mkono, kijimkasi cha mtoto kinatosha kukata uzi, na kuanzia Mtito Andei hivi jirani wa kiti keshaanza kuniuliza bei ya kwilti.

Vipuri: sindano ni zilezile za cherehani za kawaida za nyumbani, zinapatikana kila duka la vifaa vya kushonea. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ndiyo shida. Ina saizi yake yenyewe, na zile za kawaida za maduka ya River Road, Nairobi, hazikai, hata muuzaji aape. Mwambie binamu alete na pakiti ya bobini, na aiweke kwenye begi tofauti na mashine.