Titani au stili? Saa yangu imeshapanda Kilimanjaro mara nyingi, nawaambia ilivyo

Mimi kazi yangu ni mlimani. Nilianza kama mgumu, nabeba mizigo ya wageni, sasa hivi naongoza, na msimu ukichanganya napanda mara mbili mpaka tatu kwa mwezi. Nyumbani ni Moshi, Kiboriloni. Nasema hivi mapema ili mjue saa yangu haikai kabatini, inagongwa na mawe, inalowa, inalala kwenye baridi ya kugandisha maji kwenye chupa, halafu wiki inayofuata niko nayo shambani kwa mama nachimba mashimo ya migomba.

Saa ya kwanza kununua kwa hela yangu mwenyewe niliinunua Arusha, maduka ya karibu na soko kuu, elfu 35. Muuzaji aliniapia kwamba ni stili tupu, haishiki kutu, hata kuoga nayo unaoga. Nikaigeuza nyuma nikaona imeandikwa Stainless Steel Back, nikasema basi, maandishi yenyewe yanasema, nibishe nini. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba yale maandishi yanaongelea kile kifuniko cha nyuma TU. Mwili wenyewe ni madini ya bei rahisi yamepakwa rangi ya kung'aa. Njia ya Machame ya kupandia mlima, siku ya kwanza unapita msituni na mvua ya pale haina taarifa, basi ikanyesha, jioni naangalia saa kioo kimejaa ukungu kwa ndani. Safari ya tatu ile rangi ikaanza kuchubuka kwenye kona na chini yake kukawa na unjano kama wa kitasa cha mlango kilichochakaa. Hilo ningevumilia, sio wa kwanza kuvaa kitu kimechubuka, ila mkono ukaanza kuwasha. Duara kabisa la saa, jekundu, vijipele, na nikitoka jasho ndo balaa, nakuna mpaka wageni wananiuliza kama nimeng'atwa na mdudu. Zahanati wakaniambia ni nikeli hiyo, madini yaliyomo kwenye saa, kuna watu ngozi zao haziitaki, na mimi ni mmojawapo.

Kwahiyo nilivyoanza kutafuta nyingine swali langu halikuwa ipi nzuri, lilikuwa ipi haitanila mkono. Stili ya ukweli ya saa, ile wanaita 316L, nayo ina nikeli ndani, ila imeshikwa vizuri kwenye mchanganyiko, haitoki ovyo, watu wengi wanaivaa miaka na miaka hawasikii kitu. Titani, ile metali nyepesi, yenyewe nikeli haina. Hapo ndo nikaegemea titani, sio kwa sababu ya sifa za nguvu ambazo watu wanazipenda kuzisema.

Kuna mtu atakwambia nenda na sumaku dukani, ikishika saa ujue feki. Aisee hiyo ni nusu ya ukweli. Shaba haishikwi na sumaku, na hiyo ndo wanayoipaka rangi wakuuzie. 316L haivutwi kiasi cha wewe kusikia, titani haivutwi, kwahiyo sumaku inakukamatia bati tu. Mzani ndo hauongopi. Mimi nilienda kwa sonara mmoja mjini, nikamuomba kwa adabu anipimie saa mbili kwenye mzani wake wa dhahabu, yangu niliyokuwa nataka kuinunua na ya binamu yangu ya stili, ukubwa karibu sawa, zote na mikanda yake ya chuma. Ya binamu gramu 152. Hii nyingine gramu 84. Sonara mwenyewe akaiinua tena akaipima upya. Ndivyo titani ilivyo, kipande cha ukubwa uleule ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa stili, na kama mtu anakuuzia "titani" ambayo ukiishika inavuta mkono chini, mrudishie tu kwa amani.

Hiyo niliyoipima ni Citizen, Eco-Drive, yaani inajichaji kwa mwanga, imetumika. Mwenzangu wa kazini alikuwa anaiuza mwezi wa kwanza, ada za watoto zimembana, alianza na laki 3 tukaenda tukarudi huku tunakunywa mtori, tukaishia laki 2 na 20. Najua kuna atakayesema hiyo hela ni nyingi kwa kitu kilichotumika. Ila ile ya elfu 35 ilidumu mwaka, ukijumlisha na dawa za kupaka mkononi, piga hesabu mwenyewe.

Kabla ya hapo nilikuwa na nyingine mbili kichwani. Seiko 5 ya baba mdogo, stili, haina betri, inajijaza kwa kutikisika kwa mkono, ni saa ya kuheshimika na yake ina umri kunizidi. Shida ni kwamba ukiivua inakaa kama siku moja na nusu hivi inasimama, na zile za zamani huwezi kuzijaza kwa kuzungusha kile kidude cha pembeni, unaitikisa tu kama unachanganya dawa ya mtoto, halafu uanze kupanga saa, tarehe na siku. Nyingine ni Casio Duro, stili, mkanda wa raba, imeandikwa mita 200 na bei yake iko chini, nadhani kwa mtu ambaye ngozi yake haina matatizo hiyo ndo ya kuchukua na asisumbuke kusoma huku chini. Ila ni pana, milimita 44, na mkono wangu mimi ni wa kuku.

Haya, mazuri na mabaya ya hii ya titani baada ya mwaka na nusu.

Inakwaruzika. Nalisema kwanza kwa sababu hakuna aliyeniambia. Watu wakisikia titani wanafikiria ndege za kivita, wanadhani haiguswi, kumbe titani ya kawaida bila kuongezewa kitu juu inashika mikwaruzo upesi kabisa. Wiki ya kwanza tu. Pale ukuta wa Barranco, mwamba wa kukwea kule mlimani, kuna sehemu mnapita mmelikumbatia jiwe, kifua kwenye mwamba, mikono umeitanua, nikasikia krrrr. Nikajua tu. Upande wote wa kushoto ukawa na mistari ya kijivu mpaka leo. Citizen wenyewe wana ile wanaita Duratect, ngozi ngumu inayowekwa juu ya titani kuzuia hayo mambo, yangu haina, ukipata yenye nayo chukua. Lakini kioo hakikuguswa! Ni kioo cha yakuti, wenyewe wanaita safaya, kwa ugumu kinapitwa na vitu vichache kama almasi, hata tanzanite yetu ya Mererani haikifikii. Toka hapo mimi nikienda kuangalia saa ya mtu nauliza kioo kwanza, chuma baadaye, maana mkwaruzo wa pembeni haunizuii kusoma saa.

Muwasho umekwisha. Kabisa. Nashinda nayo siku saba sijaivua, jasho, vumbi, mkono uko safi.

Mwanga wa gizani nao sio mbaya. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, tunaamka karibu na saa sita usiku kwenda kileleni, naipiga tochi ya kichwani sekunde chache mishale inawaka. Halafu kuna kachekesho, mgeni akiniuliza saa ngapi nasoma mshale ulivyo, namwambia kumi na mbili, mgumu mwenzangu akiniuliza palepale namsomea upande wa pili, sita. Kuna mmama mmoja akaniambia saa yangu haiaminiki.

Sasa betri. Eco-Drive inakula mwanga, wowote, wa jua au wa taa, hubadilishi betri kila mara. Masika mwaka jana kazi hakuna, nikaiweka kwenye droo nikaisahau, nilivyoitoa mshale wa sekunde unaruka mbili mbili, tap, unasimama, tap. Roho ikanidondoka, laki mbili imekufa. Nikampigia aliyeniuzia kwa hasira kidogo, akacheka, akaniambia hiyo ina njaa tu, iweke dirishani. Kumbe ndo ishara yake chaji ikikaribia kuisha. Siku mbili za jua la Moshi ikarudi kawaida.

Kilichonitia hasara ya kweli sio saa, ni pini ya mkanda. Kile kijipini chenye springi kinachoshika mkanda kwenye mwili wa saa. Nilipeleka mkanda ukapunguzwe pingili mbili, fundi wa barazani akatumia msumari na nyundo, kumbe kakipinda kipini, nami sikukagua. Wiki mbili baadaye niko kwenye Hiace natoka Boma, najikuta mkono mtupu. Tukatafuta chini ya siti gari zima, konda analalamika, mama mmoja ndo akaiona imeingia kwenye kikapu chake cha parachichi. Pini mpya elfu 1. Saa yote ilikuwa inaning'inia kwenye kitu cha elfu moja. Siku hizi natembea na pini mbili za akiba kwenye waleti.

Maji: yangu imeandikwa 10 bar, hicho ni kipimo cha kuhimili maji, nimeogelea nayo chemchemi ya Chemka zaidi ya mara moja, haina ukungu. Ikiandikwa 3 bar hiyo ni ya kunawa mikono na manyunyu, usijitumbukize nayo. Na fundi akifungua nyuma mwambie aangalie ile raba ya kuzunguka kifuniko, ikikaa vibaya hata iandikwe mita ngapi maji yanaingia.

Juzi aliyeniuzia kaniambia anaitaka irudi, ananiongezea elfu 30 juu. Nimemwambia asubiri mwezi wa kwanza, labda ada itanibana na mimi.