Mafunzo ya pesa kwa vijana wa Kamalondo: mazuri, lakini mahali pake ni shuleni

Mafunzo ya matumizi ya pesa yanayotolewa kila Jumamosi kwa wanafunzi wa sekondari, katika ukumbi wa parokia moja ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, yanastahili sifa, na mzazi mwenye uwezo wa kulipa faranga 15,000 za muhula asisite kumwandikisha mtoto wake. Binti yangu, aliye katika seksheni ya pedagojia, aliyahudhuria, nami niliruhusiwa kuketi nyuma na kusikiliza.

Mwalimu anaanzia sokoni. Alitoa hesabu ya mfuko wa unga wa kilo 25: duka moja linauuza dola 20 na kuhesabu dola kwa faranga 2,300, na jirani yake anauuza dola 19 lakini kwa faranga 2,450. Karibu darasa zima lilichagua dola 19, mpaka walipozidisha wenyewe na kukuta faranga 46,550 dhidi ya 46,000. Kisha akapitisha noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni, kila mmoja aseme kama angeipokea. Katika mji ambamo noti ya namna hiyo hukataliwa kila mahali, somo hilo si dogo.

Lililonigusa zaidi ni somo la wakopeshaji tunaowaita Banki Lambert, ingawa hawana banki yoyote. Aliyechukua faranga 100,000 kwa ahadi ya kurudisha 150,000 mwisho wa mwezi, akikosa na kuongezewa mwezi mwingine kwa masharti yaleyale, anadaiwa 225,000. Wateja wao wengi ni watumishi wa serikali, walimu wakiwemo, na seksheni ya binti yangu ndiyo inayotoa walimu. Hata hivyo, kwa jinsi shule zetu zilivyopangwa, mambo ya fedha huachiwa seksheni ya biashara na usimamizi, na huko nako hufundishwa zaidi hesabu za kampuni kuliko bajeti ya nyumba.

Kasoro kubwa ni kijitabu. Kimenakiliwa kutoka nchi za nje, kinaeleza kwa kirefu kadi za mkopo na mikopo ya kununua nyumba, wala hakitaji likelemba, yaani mchango ambao wanachama huupokea kwa zamu, au makato ya kutuma pesa kwa simu. Mwalimu hurekebisha kwa mdomo, lakini mtoto anarudi nyumbani na kijitabu, hana mwalimu. Waandalizi wakiandike upya.

Jimbo la California, nchini Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2024 inayolifanya somo hili kuwa sharti la kuhitimu sekondari kuanzia mwaka wa masomo wa 2030-2031. Kwetu, ambako kijana anashika sarafu mbili kwa siku moja, haja ni kubwa zaidi, na asiyeweza kulipa 15,000 ndiye atakayeumizwa zaidi na deni. Wizara inaweza kuanza hata kabla ya kuchapa kitabu kipya: hesabu ya ule mfuko wa unga inatosha kuingizwa katika somo la hisabati la seksheni zote.