Maua makavu ya kunukia: pakiti ya dukani au mchanganyiko wa Kariakoo?

Pakiti ya popuri, yaani mchanganyiko wa maua makavu na viungo vya kunukisha nyumba, inayouzwa kwenye maduka ya zawadi na supamaketi za Dar es Salaam inapendeza ikiwa bado imefungwa. Ifungue, uimwage kwenye sinia jeupe na uichambue kwa vidole. Mara nyingi utakuta maranda ya mbao yaliyotiwa rangi, vikonyo, matunda makavu magumu ya mapambo, na petali chache zilizopangwa upande wa plastiki angavu ili mnunuzi azione. Harufu yote ni marashi ya kiwandani yaliyonyunyiziwa juu ya mbao. Siku ya kwanza yanakaba sebule nzima. Wiki ya tatu unainamia bakuli mpaka pua iguse maranda ndipo usikie kitu. Kwa sura tunaipa nne kwa tano, kwa harufu moja na nusu.

Tatizo si kwamba imetoka kiwandani. Tatizo ni kwamba haina kitu cha kuishika harufu isiruke. Watengenezaji wa Ulaya tangu zamani hutumia unga wa mzizi wa irisi, ua ambalo Florence, Italia, inajulikana nalo kwa kazi hiyo. Mzizi huo hapa ni kazi kuupata, lakini hauhitajiki, kwa sababu Mswahili ana ubani. Ndiyo maana tathmini hii inaegemea upande wa Kariakoo: vitu vinavyofanya popuri idumu vimejaa kwenye magunia ya wauza viungo, mradi ujue kuvichagua.

Anza na karafuu, maana hapo ndipo udanganyifu ulipo. Usihangaike na maneno "hii ya Pemba". Morogoro nako wanalima karafuu nzuri. Tazama kichwa. Karafuu nzima ina kile kidonge cha mviringo juu ya meno yake manne. Ikiwa vichwa vingi vimeng'oka na chini ya gunia kuna vijiti vitupu, hayo ni makonyo, na makonyo yana mafuta kidogo kuliko karafuu yenyewe. Minya karafuu moja kwa ukucha: nzuri inaacha unyevu wa mafuta kwenye kucha. Nyumbani, tumbukiza chache kwenye glasi ya maji. Zenye mafuta huzama au husimama wima kichwa kikiwa juu. Zilizokamuliwa au kuzeeka hulala ubavu juu ya maji. Karafuu ya kusaga usinunue kabisa kwa kazi hii, huwezi kujua kilichosagwa humo.

Mdalasini upo wa aina mbili, na wauzaji wengi hawatofautishi. Ule mwembamba, wa tabaka nyingi zilizojikunja kama sigara, una harufu ya upole. Ule mnene, wa gome moja gumu, ni mkali zaidi, na kwa popuri ndio unaofaa. Wa tabaka bakisha kwa chai. Iliki chagua ya kijani iliyofungana. Ikishakuwa nyeupe na kupasuka, mbegu zimekauka na harufu imekwenda. Kungumanga itikise sikioni: ikigonga ndani ya ganda, imekauka vizuri. Basibasi ukiipata ongeza, kwa rangi yake ya chungwa kuliko kwa harufu.

Ubani ndio wa kuutumia muda wako. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba wa matone, si wa vumbi." Matone mazuri ni ya manjano hafifu au meupe yenye ukungu juu, yanavunjika kama kioo, na ukisugua kipande viganjani unasikia limau na utomvu wa msonobari hata kabla ya kukichoma. Ukiona vipande vyeusi vya gome vimechanganyikana na vumbi, hayo ni mabaki ya chini ya gunia. Gramu 50 zinatosha chupa mbili. Wauzaji wengi hufunga vifungu vidogo vya bei moja. Omba vipimwe kwenye mizani, kwa sababu kifungu cha duka hili na cha duka la pili havilingani hata siku moja. Kwa ubora wa viungo tunawapa Kariakoo nne na nusu. Nusu imekatwa kwa ajili ya mizani.

Kwenye maua ndipo wengi wanapoumia. Mtu anakumbuka kikuba, asmini na rehani na kilua vilivyofungwa pamoja, anaona akikausha asmini atapata harufu ile ile kwenye bakuli. Hapati. Asmini hutoa harufu ikiwa hai na saa chache baada ya kuchumwa. Ikikauka inabaki kahawia, nyepesi, na inanukia majani makavu tu. Kikuba huvaliwa kibichi kwa sababu hiyo hiyo. Langilangi inabakiza kidogo, lakini nayo inageuka nyeusi, kwa hiyo iweke chini ya mchanganyiko isionekane.

Waridi la wauza maua wa mjini limezalishwa likae siku nyingi kwenye chombo cha maji. Harufu haikuwa shabaha ya mkulima, na mara nyingi limepigwa dawa. Litumie kwa rangi, na usitumie petali hizo kwenye chai. Waridi la bustani, lile dogo lenye petali nyingi laini, ndilo lenye harufu. Ukimjua jirani mwenye mti huo, msalimie vizuri. Bogenvilia za kwenye nyua za Dar hazina harufu yoyote lakini zinakauka kama karatasi na rangi yake haifi haraka, tena ni bure. Majani yanayobaki na harufu baada ya kukauka ni mchaichai, rehani na kivumbasi. Kivumbasi tumia kidogo, kikizidi chumba kinanukia dawa ya mbu.

Kukausha Dar si kama kukausha Dodoma. Hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, petali iliyokauka mchana inalegea tena usiku. Jua kali nalo halifai: linafuta rangi na kurusha mafuta ya kunukia. Tandaza petali kwenye ungo, tabaka moja zisigusane, kivulini ndani ya nyumba chini ya pangaboi. Siku 4 hadi 7 zinatosha wakati wa kiangazi. Masika tumia oveni: nyuzi 50 hadi 60, mlango ukiwa wazi kidogo kwa kuingiza mwiko wa mbao, saa moja na nusu hadi mbili. Maganda ya machungwa kwangua nyama yote nyeupe ya ndani kwa kijiko, maana ndiyo inayotunza maji na kuota ukungu, kisha kata vipande vyembamba na uvikaushe mpaka vikatike kwa mlio.

Kipimo cha ukavu ni hiki. Weka petali unazodhani zimekauka kwenye chupa ya kioo, funga, ziache usiku mmoja. Asubuhi shika petali moja na ujaribu kuikunja. Ikikunjika bila kuvunjika, au ukiona umande chini ya kifuniko, zirudishe kwenye ungo. Usikimbilie hatua inayofuata kwa sababu "karibu zimekauka". Petali moja yenye maji inaweza kuotesha ukungu chupa nzima. Na usishangae kiasi kikipungua: kilo ya petali mbichi haikuachii hata robo kilo.

Kwa chupa ya kioo ya lita moja na nusu yenye mdomo mpana, vipimo tunavyovipendekeza ni vikombe 2 vya petali kavu (waridi na bogenvilia nusu kwa nusu), nusu kikombe cha mchaichai uliokatwa urefu wa kidole, nusu kikombe cha maganda ya machungwa, vijiti 4 vya mdalasini vilivyovunjwa, vijiko vikubwa 2 vya karafuu nzima (takriban gramu 12), kijiko kikubwa kimoja cha iliki iliyopasuliwa, kungumanga moja iliyogongwa vipande vinne, na vijiko vikubwa 2 vya ubani uliotwangwa. Ubani ukiutwanga na joto la Dar utaganda kwenye mchi kama ulimbo. Uweke kwenye friza nusu saa kwanza, utwange kidogo kidogo, na uache ukiwa na ukubwa wa chumvi ya mawe iliyopondwa. Ukisaga ukawa vumbi, utazipaka petali weupe kama zimemwagiwa unga.

Mafuta ya kunukia si lazima, lakini yakitumika ni matone 10 hadi 12, na yanaingia kwenye ubani, kamwe si kwenye petali. Changanya mafuta na ubani ndani ya kikopo kidogo cha kioo, funga, acha siku mbili yanywewe. Ndipo utie viungo, mwisho maua, na ugeuze kwa mkono bila kuponda. Chupa isijae, acha robo iwe tupu ili uweze kuitikisa. Iweke kabatini penye giza wiki 4 hadi 6, uitikise kila siku wiki ya kwanza, baadaye mara mbili kwa wiki. Ukiifungua siku ya tatu utasikia karafuu peke yake na utadhani umekosea. Hujakosea. Viungo vinahitaji muda wa kuzoeana, na karafuu ndiyo ya mwisho kutulia.

Wanapokosea watu ni kwenye uzito wa mkono. Iliki na mdalasini vikizidi, sebule inanukia pilau na wageni watasubiri chakula. Karafuu ikizidi, inanukia kwa daktari wa meno, na kwa sababu ya kweli: mafuta yake hutumika kwenye dawa za meno. Yote mawili yanatibika kwa kuongeza petali na mchaichai, si kwa kuongeza mafuta. Ukidondosha mafuta moja kwa moja kwenye petali, zinapata madoa ya kahawia na harufu inaisha ndani ya wiki. Mafuta ya karafuu pia hulainisha baadhi ya plastiki na kuchubua vanishi ya meza, kwa hiyo kila chombo kiwe cha kioo au cha udongo uliong'arishwa, na chupa ya mafuta iwe mbali na watoto.

Kuna na wadudu. Wale vijidudu vidogo vya kahawia vinavyotoboa viungo kabatini wanapenda petali kavu vile vile. Ukiona unga mwembamba chini ya chupa, wameshaingia. Kinga ni kuviweka vitu vikavu vyote kwenye friza siku 4, ndani ya mfuko uliofungwa, kabla ya kuchanganya. Ukivitoa usifungue mfuko mpaka vipate joto la chumba, la sivyo umande utalowanisha ulichokausha kwa wiki nzima. Vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Kimoja ndani ya chupa, chini kabisa, kinasaidia sana wakati wa masika, ila kisiwe kimepasuka.

Bakuli la wazi chini ya pangaboi ni hasara. Upepo unabeba harufu usiku kucha wakati hakuna mtu wa kuinusa, na unyevu unaingia. Kwa mji huu tunashauri chombo chenye kifuniko, kama kibweta cha kioo au birika la udongo: fungua nusu saa kabla ya mgeni, koroga kwa mkono, funga akishaondoka. Kwa mtindo huo mchanganyiko huu unakwenda miezi 4 hadi 6. Bakuli la wazi, mwezi na nusu ukiwa na bahati.

Jina lenyewe popuri ni la Kifaransa, na maana yake ni chungu kilichooza. Mwanzo lilikuwa jina la mchuzi wa vitu vingi, baadaye likahamia kwenye maua. Njia ya zamani ya popuri ilikuwa kupanga petali zilizonyauka tabaka kwa tabaka na chumvi ya mawe, vikombe vitatu vya petali kwa kimoja cha chumvi, na kuziacha zichache chunguni kwa wiki kadhaa. Matokeo hayapendezi machoni, ni kama kahawa iliyokwisha kuchujwa, lakini harufu ni nzito na inakaa muda mrefu. Kwa anayeshindwa na unyevu wa Dar, njia hiyo haihitaji petali zilizokauka hadi kukatika, na chungu chenye kifuniko kilichotobolewa kinaficha sura.

Popuri iliyochoka mwaga kwenye chekeche, petali zilizofifia zitupe. Karafuu, mdalasini na kungumanga bado vina kitu ndani: vigonge kidogo kwenye kinu, vitie kwenye kifuko cha kitambaa cha pamba pamoja na kijiko cha ubani, na ukitundike kabatini kati ya nguo. Kisiguse hariri wala nguo nyeupe, karafuu huacha doa.